Ziwa Kivu kwa tanga: tuache fasi za kutua

(Haya ni maneno nilisema mbele ya vijana, wavuvi na wazazi wenye walikuya kutusikiliza pembeni ya ziwa hapa Bukavu. Wengi waliomba niandike, njo hii, nimeiacha karibu sawa vile nilisema.)

Wazee wetu, mama zetu, baba zetu, nyinyi wakubwa zangu wavuvi wenye mumeacha nyavu kidogo mukuye kusikiliza, na nyinyi wadogo zangu wanafunzi wa historia na wa utalii, jambo kwenu wote na aksanti kwa kukuya.

Neno yangu leo iko moja, nitaizungukia mingi lakini iko moja tu. Historia ya Kivu ilikuyaka kwa maji, na zile fasi ilitulia ziko zinafungwa mbele ya macho yetu, ukuta baada ya ukuta, na tukinyamaza hivi mutoto wa Bukavu ataishia kuona ziwa yake ku picha.

Wengi munatujua. Siye ni kundi ndogo, tuko na mashua moja ya mbao ya libuyu, ilijengwa na fundi wa hapa hapa, iko na mulingoti, tanga kubwa na tanga ndogo ya mbele, na moteri ndogo ya kuingia bandarini ao ya kukimbia mvua. Tunatoka Bukavu tunapanda kaskazini, tunafuata kando kando ya ziwa, tukiona fasi yenye iko na maneno ya zamani tunatua, tunasalimia chifu wa kijiji, tunauliza wazee, tunaandika, tunalala, asubui tunaendelea. Watu wanatuuliza juu ya nini munajisumbua hivyo na boti ya haraka iko, unapanda saa moja ya asubui na mbele ya saa sita uko Goma unakula sambaza, zile samaki ndogo. Ni kweli, masaa matatu hivi inatosha, na mwenye anaenda kuona mugonjwa ao kuchukua bidhaa asikuye kwetu, apande boti ya haraka. Lakini boti ya haraka inapita katikati, vioo vimejaa maji, moteri inalia, watu wamelala ao wako ku simu. Kutoka Bukavu mpaka Goma kwa maji iko karibu kilometa 100 na mutu anafika bila kuona hata nyumba moja.

Kwa tanga, upepo ikiwa muzuri, tunaenda kilometa 8 ao 9 kwa saa, na tunaenda karibu na inchi kavu, karibu mpaka unasikia mama anaita mutoto. Njo pale unaelewa kitu chenye kitabu cha shule hakikukuambia: wale wote wenye walijenga hapa zamani walijenga wakiangalia maji. Barabara ilikuya nyuma. Mutu akisimama leo ku avenue anaona mulango ya chuma, sentineli na ukuta yenye miiba, anasema hapa hakuna kitu cha kuona, kumbe anaangalia mugongo ya nyumba, uso yake yote iko upande wa ziwa.

Tuanze hapa kwetu. Wazee wanasema Bukavu iko mukono ya kijani yenye imeingizwa ndani ya maji, vidole vyake njo zile peninsula zetu, Muhumba, La Botte na zingine. Kwa nini iko hivyo? Zamani sana, maelfu ya miaka, maji ya huku ilikuwa inaenda kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikatoka, zikafunga njia ile, maji ikapanda, ikajaza mabonde yote ya kusini mpaka ikapata mulango mupya hapa kwetu, njo muto Ruzizi yenye inashuka mpaka ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kila ghuba ya Bukavu ni bonde yenye ilizama, na kila peninsula ni mulima yenye miguu yake iko chini ya maji. Mutu wa tanga anajua hiyo habari na mikono yake, juu ukitaka kutupa nanga mbele ya Muhumba unatupa kamba, unatupa, unatupa, na nanga haijagusa kitu, na uko metre 20 tu kutoka kwa bustani ya mutu. Ziwa yetu iko na kina ya zaidi ya metre 470. Njo maana hapa ku Kivu mashua hailali fasi yoyote, lazima uingie mpaka ndani ya ghuba, mwisho kabisa, ufunge kamba ku muti ao ku jiwe, na ule muti ao lile jiwe likiwa nyuma ya ukuta ya mutu, hauna fasi ya kulala. Mukumbuke hiyo maneno, nitairudilia.

Muji yetu Wabelgiji waliita Costermansville kuanzia 1927, na ku miaka ya 1950 jina ya Bukavu ikarudi. Nyumba nyingi zenye munaziona ku La Botte na ku Nyawera ni za ile wakati, za mutindo wa kujenga wenye unaitwa Art Déco. Wanafunzi, muangalie vizuri zile nyumba kutokea ku maji: kona zimeviringika, dirisha za mviringo, kibaraza kirefu chenye fito za chuma zimelala moja juu ya ingine. Wajenzi wa ile wakati, dunia nzima, walipenda meli kubwa za bahari na wakakamata zile alama wakazitia ku nyumba. Sasa mufikiri, nyumba yenye imejengwa kwa mufano wa meli, pembeni ya ziwa, na leo hakuna mutu anaiona kutokea ku maji. Ku moja ya zile ghuba, sitasema kwa nani, iko ngazi ya majiwe yenye inashuka mpaka ndani ya ziwa, zile ngazi za chini ziko ndani ya maji na zimeota majani, na ku ukuta wa pembeni iko pete ya chuma, nene sawa kidole gumba cha mwanaume, imeliwa na kutu lakini inashika bado. Tuliifungia mashua yetu. Ile pete imengojea mashua kwa miaka mingi, na siku tulirudi tulikuta wameshamwanga beto juu ya ngazi wakaleta ukuta mpaka ku maji. Hakuna mwenye alifanya kwa roho mubaya, mwenye kiwanja aliona majiwe ya zamani tu. Lakini mimi niliumia, na ninaumia bado.

Tukitoka Bukavu, kuume iko Rwanda, na fasi ya kwanza yenye mutu wa historia anaitafuta ni Shangi. Mwaka wa 1896 watu wa État Indépendant du Congo, ile Congo ya mfalme Léopold, waliweka kambi pale na jeshi ya mwami wa Rwanda ikakuya kuwafukuza, bunduki zikashinda mikuki. Lakini hawakukaa, maasi ya askari wao wenyewe ndani ya Congo iliwatosha huku mashariki, na Wadachi, ni kusema Wajerumani, wakakuya wakakamata fasi. Miaka mbili tu mbele ya Shangi, 1894, Mudachi von Götzen alikuwa amefika ku ziwa hii akitokea mashariki, njo Muzungu wa kwanza kuiona. Muzungu wa kwanza, nasema, juu Wahavu, Washi, Wahunde na Wanyarwanda walikuwa wanaivuka kwa mutumbwi zamani na zamani, wanaoana, wanapigana, wanauziana chumvi na mbuzi, na hawakungoja mutu wa kuwaambia kama kuna ziwa.

Kisha hapo Wazungu wakaanza kugawana. Mpaka ilibishaniwa miaka na miaka, hata Idjwi Wadachi walisema iko yao, mpaka mapatano ya Bruxelles ya 1910 njo ikaweka Idjwi upande wa Congo na kukata ziwa kati kati. Ule mustari haukuandikwa ku maji, mvuvi hauoni, lakini mpaka leo mvuvi anakamatwa juu yake. Na siye wa tanga tunauogopa kweli, juu upepo haisomi ramani, ukishikwa na upepo ya magaribi inakusukuma kule, na askari wa ziwa hawatakuuliza habari ya upepo, watakuuliza karatasi. Njo maana tunabeba karatasi zote, za mashua na za kila mutu, ndani ya mufuko ya plastiki, na tunajulisha wakubwa wa ziwa mbele ya kutoka.

Hapa niseme kidogo habari ya upepo juu vijana wengi wanafikiri ziwa iko moja tu asubui na jioni. Usiku baridi inashuka kutoka milimani, upepo ndogo inatoka inchi kavu kwenda ku maji, na mbele ya jua kupanda ziwa iko laini, hapo wavuvi wa sambaza wako wanarudi. Jua ikipanda udongo inapata moto, upepo inageuka, inatoka ku maji kuingia inchi kavu. Ku kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, upepo ya kusini mashariki inakuwa na nguvu na inashikilia siku nzima, njo wakati yetu muzuri ya kupanda kaskazini. Ku musimu ya mvua ni kingine kabisa. Unaona wingu nyeusi juu ya mulima Kahuzi, na hapo hauko na muda wa kubishana, unashusha tanga, unaingia ghuba ya karibu. Wakubwa wavuvi wenye muko hapa, nyinyi njo mulitufundisha hiyo, na tunawashukuru mbele ya watu.

Na wavuvi wenyewe ni historia. Ukiwa ku maji usiku unawaona mbali, taa mingi sana, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu yenye inatoka mbele na nyuma, wavu iko chini, na wanaimba juu ya kupiga kafi pamoja. Wengi wetu tunafikiri sambaza iliumbwa na ziwa hii. Hapana, ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, juu katikati ya Kivu ilikuwa karibu tupu, samaki zilikuwa kando kando tu. Basi ile chakula yenye kila mama wa Bukavu anajua kukaanga iko na umri ya watu wenye wako hai hapa leo. Muulize wazee wenu walikula nini mbele yake.

Idjwi, wadogo zangu, tunaipatia siku yake yote. Ni kisiwa kirefu, karibu kilometa 40 kutoka kusini mpaka kaskazini, wanasema Afrika nzima kwa visiwa vya ndani ya ziwa iko nyuma ya Ukerewe tu. Kwa boti ya haraka ni mulima fulani unapita kuume ao kushoto. Kwa tanga unaingia ku ghuba moja ya upande wa magaribi, nyembamba, ndizi zinashuka mpaka ku maji, harufu ya nanasi inakuja mbele ya kuona kijiji, na watoto wanakimbia juu ya majiwe wakiita wenzao. Hapo kuna fasi ya kutua. Si porti, ni muchanga kidogo na muti moja wa kufungia, na kila mutu anaijua, hakuna mwenye anakuuliza kiwanja ni ya nani, unasalimia tu.

Septemba 1914, vita ya Ulaya ina wiki chache tu, Wadachi walivuka wakakamata Idjwi, na waliishikilia mpaka 1916 wakati majeshi ya Congo Belge ilipanda na kuwasukuma. Wengi hapa hawajui kama vita ya kwanza ya dunia ilipigwa ku ziwa yetu. Ilipigwa, na wenye walibeba mizigo, wenye walipiga kafi usiku na askari ndani ya mutumbwi, ni watu wa kando hizi. Majina yao hakuna mwenye aliandika. Kisha hapo zikakuya plantation za Wazungu, kahawa na kinkina, ule muti wa dawa ya malaria, na njia za mawe zenye zinatoka ku mashamba kushuka mpaka ku maji ziko bado, tulitembea juu yake.

Kahawa ile njo iliniletea maneno yenye siwezi kusahau. Muzee moja, anakaa juu kidogo ya ghuba, alitupatia fasi ya kulala na asubui akatushusha mpaka ku jiwe moja kubwa jeusi ndani ya maji. Akatueleza kama miaka ya vita, wakati hakuna mununuzi alikuwa anafika, vijana walikuwa wanapakiza mifuko ya kahawa ku mutumbwi usiku, wanavuka kwenda Rwanda kuuza, bila taa, juu ya kuogopa askari. Wanatokea pale, ku lile jiwe. Mutumbwi imejaa, maji iko karibu na mudomo wake, upepo ikitoka kati kati ya ziwa hakuna kurudi. Wengi walizama, hiyo inajulikana Kivu yote, wake walibaki na watoto. Muzee hakulia, alionyesha tu na mukono wapi walikuwa wanasimama wake zao kungoja. Siye tulifunga mashua ku lile jiwe tukaona tumelala fasi yenye inastahili kibao, jina, kitu. Hakuna kitu. Mutu akinunua ile kiwanja kesho na kuvunja lile jiwe ajenge musingi wa nyumba, ile habari itakufa na muzee.

Kutoka Idjwi tunavuka upande wa magaribi. Katana iko na hospitali ya Fomulac, ilianzishwa na madaktari wa chuo kikuu cha Louvain, na juu yake iko Lwiro, kituo cha utafiti chenye Wabelgiji walifungua baada ya IRSAC, taasisi yao ya utafiti wa sayansi ku Afrika ya Kati, kuundwa 1947. Unafunga mashua chini, unakamata piki, unapanda. Ile jengo, ndugu zangu, na nguzo zake na maktaba yake na bustani mbele ya mulima Kahuzi, mutu mwenye hajaiona hajajua Sud-Kivu iliwahi kufikiria nini juu ya sayansi. Tunashuka jioni, na kutokea ku maji Kahuzi iko inaonekana yote, metre 3,308.

Kalehe, Minova, napita haraka, ni fasi za soko na mizigo, ziko na maneno yake lakini kwa leo tupite.

Goma ni kingine. Unaifikia na unaona kwanza kilima kile cha pembeni ya bandari, Mont Goma, ni volkano ya zamani, na nyuma yake Nyiragongo na moshi yake, na usiku, mawingu ikitoka, mbingu juu yake inakuwa nyekundu. Kando ya maji ni majiwe meusi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji, ikala nyumba na maduka, ikaingia ndani ya ziwa. Ukiwa na mashua unaweza kufuata ile fasi ilingia, majiwe yako makali yanakata kamba na ngozi, na maji inabadilika ghafla kutoka kijani kwenda nyeusi. Kwa mutu wa Goma ile ni kaburi ya muji ya zamani. Ninaomba wenye wanapiga picha pale wakumbuke.

Magaribi kidogo iko kisiwa ya Tchegera, umbo ya mwezi mwembamba, ni mudomo wa volkano yenye ilizama, na ndani ya ule muviringo maji imetulia, mashua inalala salama. Lakini upande ule wa Goma na Sake kuna mazuku. Wenyeji wanajua, wageni hawajui: gazi inatoka chini ya udongo, haina rangi, inalala fasi za chini kwa sababu iko nzito kupita hewa, na asubui mbele ya upepo mutu ao mbuzi anashuka pale anaanguka bila kelele. Usilale fasi ya chini, usishuke kuoga ku ghuba yenye haujaulizia. Gazi iko hata ndani ya ziwa yenyewe, chini kabisa, metani karibu mita kibu bilioni 60 na gazi karboniki bilioni 300. Wanyarwanda wanaitumia, ku Rubona karibu na Gisenyi walianza 1963 kwa moto ya kiwanda cha pombe, na mbele ya Kibuye tangu 2016 iko stesheni ya umeme ya megawati 26, platiforme yake unaiona kutokea mbali kati kati ya maji.

Kibuye, siku mpaka ilikuwa inaruhusu, tulifika. Kanisa yake iko juu ya peninsula, ya majiwe, nzuri sana, unaiona mbele ya kuona muji. Na unajua kama Aprili 1994 watu walikimbilia ndani yake wakauawa, na leo iko na ukumbusho. Hatukuongea pale. Nawaambia tu kama kumbukumbu ile inaonekana kutokea ku ziwa, waliacha fasi ya kutua, njia iko, mutu anapanda na anasoma majina. Hiyo njo tofauti yenye inaniuma nikirudi huku kwetu.

Niseme na Tanganyika, juu maji yetu inaenda kule. Von Götzen yule wa 1894 meli kubwa ya Wadachi ilipewa jina yake, ilijengwa Papenburg 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa mpaka Kigoma, ikazamishwa na wenyewe 1916 isikamatwe, ikatoshwa chini ya maji 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Waingereza nao walileta boti mbili zenye majina Mimi na Toutou, 1915, kwa treni mpaka Fungurume kule Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba na masini za moto, ng'ombe na watu, kisha kwa treni na kwa muto Lualaba mpaka Kalemie, na Desemba 26 ya ule mwaka wakakamata boti Kingani ya Wadachi. Kalemie, Mpala yenye ilianza 1883, Ujiji ng'ambo kule fasi Stanley alimukuta Livingstone 1871, zote ziko kando ya maji, zote zinaweza kufikiwa na mashua ya tanga kutoka Uvira. Tunaiwaza hiyo safari. Siku njia itakuwa salama tutaenda.

Na ninajua munafikiri nini, usalama. Siwezi kuongea sawa vile haiko maneno. Kuna miezi hatukuguse maji kabisa. Kuna ghuba zenye wavuvi walituambia tusiende na hatukuenda. Usiku hatusafiri. Na ziwa yenyewe inaua, tarehe 3 Oktoba 2024 boti kutoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, watu wanaona kutokea ku bichi, ndugu zao wako wanawangoja pale pale. Iko watu hapa ndani wenye walifiwa siku ile, pole sana tena. Kwetu hakuna mwenye anapanda bila jile ya kuelea, hata mwenye anajua kuogelea sawa samaki, na hatupite hesabu ya watu yenye mashua inaweza. Mukubwa ao mutoto, chifu ao mwanafunzi, jile kwanza.

Sasa narudi ku ile ya nanga. Tunaomba nini? Hatuombi mutu abomolewe nyumba. Tunaomba zile avenue zenye zinaisha ku ziwa zibaki zinaisha ku ziwa. Ziko, watu wa komine ya Ibanda munazijua, njia ndogo kati ya viwanja viwili, mama walikuwa wanashuka pale kuchota maji na kufua, leo nyingi ziko na mulango ya chuma. Tunaomba wakubwa wa muji, wakitoa ruhusa ya kujenga pembeni ya maji, watume mutu aangalie kwanza kama kuna ngazi ya zamani, pete, ukuta wa bandari, jiwe yenye iko na jina, na ile ibaki nje ya ukuta. Na nyinyi wanafunzi wa historia, tuko na daftari yenye tunaandikaka kila fasi ya kutua kutoka Ruzizi mpaka Goma, jina yenye wavuvi wanaiita, upepo yenye inaingia pale, nani anakumbuka nini. Mikono yetu haitoshi. Mukuye mutusaidie, muanze na bibi na babu zenu, mbele ya kutafuta ku intaneti.

Wenye wanataka kupanda mashua: mwezi wa sita tunaanza tena, kama njia iko wazi. Tunakamata watu wachache kwa kila safari. Ukuye na karatasi zako, nguo ya baridi juu usiku ziwa inauma, viatu vyenye vinaweza kulowa, na kofia. Mutoto mwenye hajamaliza miaka 18 anakuya na barua ya muzazi, na muzazi mwenyewe ninataka nimuone. Mwenye hajui kuogelea asione haya, siku ya posho (jumamosi) asubui, saa mbili, wakubwa wavuvi wawili wanafundisha hapa chini, bure. Majina tunaandika pale ku meza, upande wa kushoto. Na kama kuna mutu ku familia yake iko picha ya zamani ya bandari, ya mashua, ya ngazi, ya plantation, alete, tutaipiga picha na simu mbele yake na atarudi nayo nyumbani ile ile siku.

Aksanti. Muzee wangu kule mbele nimeona umeinua mukono tangu nilitaja Shangi, anza wewe.